Jogoo na Wenzake

Mama Sufi alikuwa uani akichapa sufi. Alikuwa ameitandaza juu ya turubai na kuifunika kwa chandarua kikuukuu, upepo usije ukaigawa bure kwa majirani, na fimbo zake mbili zilipanda na kushuka kwa zamu, mbegu nyeusi zikidondoka chini na nyuzi zikivimba juu kama uji uliosahauliwa jikoni. Ilikuwa kazi ya kupiga chafya. Mama mkwe wake, aliyekaa kwenye kigoda mlangoni akishona midomo ya mito iliyokwisha kujazwa, alikuwa amepiga chafya tangu asubuhi, na kila alipopiga alijiitikia mwenyewe, "Afya," maana mkwewe alikuwa na shughuli.

Wanawake hawa wawili walikuwa wameachwa na mtu mmoja. Mume wa Mama Sufi, ambaye ndiye mtoto mkubwa wa bibi huyo, alitoka siku moja kwenda kununua betri za redio, na mpaka sasa hajapata zinazomfaa. Mama mkwe hakurudi kwao. Alisema aliyeondoka ni mwanawe, si yeye, tena kigoda cha hapo kilikuwa kimeshamzoea. Wakaanza na mto mmoja tu, wakamshonea jirani aliyekuwa akiamka shingo upande. Jirani akanyooka. Akamwambia mwenzake, naye akamwambia wake. Haba na haba ikajaza kibaba, kibaba kikajaza gunia, na haukupita muda mrefu nyumba nzima ikawa inapitika kwa ubavu, magunia yamepanga foleni mpaka chooni.

Kilichowashinda ni mvua. Sufi ikilowa hushikana madonge, na mto wenye madonge, afadhali mtu alalie tofali. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa ameagiza mito ya vyumba vyake vyote, na siku ile ile wingu likatanda, likamwaga. Mama Sufi akakimbia huku na huko akiokoa alichoweza, akakitandaza vitandani, mezani, juu ya kabati, hata juu ya mama mkwe, aliyetakiwa asisogee mpaka jua lirudi. Nusu ya mali iliharibika. Hapo ndipo Mama Sufi alipokata shauri kutafuta chumba katika jengo la maduka lililokuwa barabara kuu, jengo la ghorofa moja, lenye paa lisilovuja na milango mipana ya kupitisha gunia bila kulibembeleza.

Mwenye jengo alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Mzee Funguo. Shada la funguo alilolifunga kiunoni lilikuwa zito, likamvuta suruali upande mmoja, hata akawa anatembea kama mtu anayesikiliza kitu kilicho chini ya ardhi. Alimpokea Mama Sufi vizuri. Akauliza biashara ni ya nini, akaambiwa. Akauliza kama kodi ipo, akaonyeshwa. Akaubonyeza mto wa mfano, akauachia, akautazama ukijaa tena wenyewe, akakiri kwamba hajawahi kuona mto wenye adabu namna ile.

"Sasa," akasema, "mwanaume wa nyumba ni nani?"

"Alitoka, mzee."

"Basi akirudi mwambie aje. Chumba kipo."

Mama Sufi akaeleza kwamba aliyetoka ametoka kweli kweli, na kwamba mito anaishona yeye. Mzee Funguo akasema hana shaka hata kidogo. Akasema pia kwamba hayo si mapenzi yake. Chumba huandikwa kwa jina la mwanaume wa nyumba, ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za marehemu baba yake, na kama ingekuwa shauri lake yeye mwenyewe, yeye hana neno na wanawake. Mama yake mzazi alikuwa mmoja wao.

Mama Sufi alirudi nyumbani akaishika sufi iliyobaki akaichapa mpaka ikawa nyembamba kama moshi.  Mama mkwe akamwacha apige mpaka mikono imchoke, kisha akaomba aelezwe, akaelezwa. Bibi akakata uzi kwa jino lake la kazi.

"Mwanaume yupo," akasema, akaonyesha kwa kidevu.

Kando ya pipa la maji alikuwa amesimama jogoo, mguu mmoja chini, mwingine ameukunja tumboni. Alikuwa mwekundu wa rangi ya kutu, kilemba kimechanika upande kwa ugomvi wa ujanani. Mama mkwe alimwita Bwana Mkubwa, kwa sababu alikula kwanza, hakushukuru, na alikuwa na tabia ya kutoka bila kusema anakwenda wapi.

"Huyu?" akauliza Mama Sufi.

"Kwani umeona mwingine?"

Kesho yake Mama Sufi akampaka Bwana Mkubwa mafuta miguuni, akambeba kwapani mpaka ofisini, akamweka kwenye kiti. Mzee Funguo akainuka. Akazunguka meza, akaja upande wa pili kumkaribisha, jambo ambalo jana hakulifanya. Akamuuliza Mama Sufi mgeni amezaliwa wapi. Mama Sufi akajibu kuwa ni mzaliwa wa papa hapa mjini, nyuma ya pipa la maji, ili pasitokee mtu wa kuleta maneno ya jogoo wa shamba. Akaulizwa kama ni mlevi. Akajibu kuwa ni mtu wa maji tu. Mzee Funguo akaridhika, akageukia kiti.

"Bwana Mkubwa, chumba hiki utakitunza?"

Jogoo alimtazama kwa jicho moja, akageuza kichwa akamtazama kwa la pili. Kisha akasema, kwa sauti iliyokwaruza kidogo kama ya mtu aliyelala dirishani, "Tutaliangalia."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema. Mama Sufi aliona kwamba sauti ile ilifanana kidogo na ya mumewe, lakini hakuifanya kesi. Mzee Funguo alifurahi mno. Alisema vijana wengi hapo huja na ndiyo za haraka haraka, mwezi wa pili hawaonekani, bali huyu ni mtu asiye na papara. Mguu ukachovywa kwenye wino, ukakanyagishwa panapohusika, na ufunguo ukakabidhiwa kwa jogoo. Kwa kuwa jogoo hakuwa na pa kuushikia, Mama Sufi akamshikia.

Mama mkwe alipoambiwa kuwa Bwana Mkubwa amesema, hakuacha kushona. Alisema hata marehemu mumewe alichelewa kuanza kusema, na alipoanza, alianza na neno hilo hilo.

Fundi wa kuandika vibao akaitwa. Mama Sufi alitaka iandikwe "Mama Sufi, Mshona Mito." Fundi akauliza mkataba una jina la nani, akaambiwa, akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika kwa herufi nyekundu JOGOO NA WENZAKE, na chini yake MITO. Kwa ajili ya neno hilo la pili, siku ya kwanza aliingia mtu wa idara ya maji kutaka kujua ni mito ipi hiyo isiyokuwemo kwenye ramani yake. Alitoka na mmoja wa kuegemea.

Biashara ikashika kasi. Mama Sufi alimchukua mshonaji mmoja waliyemwita Sindano, mwanamke mwembamba aliyekuwa ameshona miaka mingi katika karakana ya mjomba wake na kulipwa maneno mazuri. Baadaye wakaja na wengine. Upande mmoja walichambua, upande mwingine walijaza, na katikati Sindano na cherehani yake waliunguruma kutwa. Bwana Mkubwa aliwekewa kiti karibu na dirisha, juu ya mto mzuri kuliko yote. Wateja wakiingia walimpita Mama Sufi mwenye manyuzi ya sufi mpaka kwenye kope, wakaenda kwanza dirishani kusema pole na kazi. Jogoo aliitikia kuwa ameshapoa.

Bwana Stoo wa hospitali alikuja kutafuta mito ya wodi. Alisimama mbele ya kiti akauliza kama sufi husafishwa mbegu zote. Mama Sufi akamjibu kwa nyuma kuwa mbegu ikibaki huvutia panya, kwa hiyo huchapwa na kupepetwa kisha huchambuliwa tena kwa mkono. Bwana Stoo akaitikia kwa kichwa, akimtazama jogoo. Akauliza kama foronya huvumilia maji ya moto. Sindano akamwonyesha mshono. Bwana Stoo akaitikia kwa kichwa tena, akimtazama jogoo, na alipomaliza akamshukuru jogoo kwa maelezo yaliyonyooka.

"Karibu tena," akasema Bwana Mkubwa. Lilikuwa jambo jipya, alikuwa amejifunza wiki ile.

Hospitali ikaagiza. Mama Sufi akaenda nyumbani jioni hiyo akiwa na furaha, na nyuma ya furaha ilikuja hasira, kama watu wawili wanaopanda ngazi moja wasiosalimiana. Alipenda mlio wa mikasi mingi chumbani kwake. Alipenda kuwaona wenzake wakitoka na mshahara wakiwa wamenyoosha mabega. Lakini mteja akisema "mzee wenu ana akili," ulimi ulimwasha, ikabidi akachape sufi hata kama iliyokuwepo imeshachapwa.

Sifa ya duka ikasafiri, ikamfikia shemeji yake.

Shemeji alikuwa mdogo wa mumewe. Alikuja na mkoba mgumu na viatu vinavyong'aa, akasimama mlangoni akisoma kibao kwa sauti. Kisha akamwambia Mama Sufi kwamba ameteseka sana peke yake, na kwamba sasa amekuja. Hakuwa amekuja nusu ya mali ilipoharibika kwa mvua. Mama Sufi alilikumbuka hilo, akampa chai. Shemeji akamwinua jogoo kwa mikono miwili, akamweka dirishani, akakaa yeye kwenye kiti.

Kuanzia hapo kazi haikuendeshwa, iliamriwa. Shemeji alitaka chai. Alitaka kibao kibadilishwe. Alitaka kila mto upunguzwe konzi moja ya sufi, akieleza kwamba mgonjwa hapimi mto, anaulalia tu. Mama Sufi alikataa hilo la mwisho wazi wazi, mbele ya wote. Alisema mto uliopunguzwa huonekana kabla haujafika mlangoni, na shingo ya mtu haisahau.

Shemeji akaweka kikombe chini. Akaeleza, bila ukali, kwamba duka hilo ni la kaka yake, kwa sababu mke ni wa kaka yake, na mpaka kaka yake apate betri, ni lake yeye. Akalipeleka shauri kwenye kamati ya wafanyabiashara wa jengo.

Siku zilizofuata Mama Sufi hakupata usingizi, yeye aliyewalaza watu mji mzima. Alimtazama Sindano akikunja vitambaa na kujiuliza atamwambia nini, maana Sindano alishaapa kwamba harudi kwa mjomba hata kwa kamba. Alipanga maneno yake. Aliyasema kwa mama mkwe, akayasahihisha, akayasema tena. Yalikuwa maneno mazuri, yenye mwanzo na mwisho.

Kamati haikuyahitaji. Wajumbe walikuwa wanaume watupu, Bwana Mkubwa akakaribishwa ndani, na Mama Sufi akaombwa asubiri nje kwenye benchi, mlango ukaachwa wazi kidogo kwa ajili ya hewa. Akasikilizia hapo.

Shemeji alizungumza kwa muda mrefu kuhusu ukoo. Mwisho akasema, "Ndugu zangu, tusidanganyane. Yule ni kuku."

 Kisha ikasikika sauti ya Mzee Funguo na mlio wa funguo zake.

"Ni jogoo," akasema.

"Ni ndege!"

Mzee Funguo akasema hilo halikatazwi popote. Kinachotakiwa ni mwanaume wa nyumba. Huyu ni wa kiume, kila mtu anaona. Anaishi katika nyumba hiyo, na wala hajawahi kukosa kulala kwake. Kaka mtu hayupo, na mdogo mtu ana nyumba yake upande wa pili wa mji. Akamwomba Bwana Mkubwa naye aseme lake, asije akahukumiwa bila kusikilizwa. Jogoo akaruka juu ya meza, akakung'uta mabawa, karatasi zikahama.

"Mimi nipo," akasema.

Hakuna mwanaume mwingine wa nyumba ile aliyeweza kusema hivyo. Kamati ikakubaliana kwamba duka ni la jogoo, ikahamia mengineyo. Mama Sufi akabaki kwenye benchi na maneno yake yote mdomoni. Alikuwa ameshinda, na ushindi wenyewe ulikuwa na mbegu ndani.

Mama mkwe hakumruhusu mwanawe huyo mdogo aondoke bila chakula. Alimwambia kuku mgeni hakosi kamba mguuni, basi asione vibaya. Akamwambia pia kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwa kuwa hapo hawakuwa na jembe, ashike gunia. Shemeji akavua viatu vyake vinavyong'aa, akabeba magunia mpaka adhuhuri. Halafu akasema anatoka kidogo kumtafuta kaka yake, na wote wawili bado wanatafutwa.

Baada ya shauri lile Bwana Mkubwa alipanda cheo. Wajumbe waliona ni mtu wa maneno machache, wakamwingiza kwenye kamati. Akawa na vikao. Aliacha kuwika alfajiri, akisema amechoka, na mtaa mzima ukaanza kuchelewa kazini, mpaka mama mkwe akaichukua kazi hiyo kwa chafya zake, ambazo zilikuwa za kutegemewa zaidi. Kilemba kilichochanika kilianza kumlalia jichoni. Alikula kidogo.

Alasiri moja, wateja walipokuwa wachache, alishuka kwenye kiti chake akaja mpaka kwenye turubai, akasimama karibu na fimbo.

"Mama Sufi," akasema, "mimi sijui lolote kuhusu sufi."

"Najua."

"Wala biashara. Mimi ninachokijua ni mtama na alfajiri. Na alfajiri yenyewe nimeiacha."

"Najua, baba."

"Sasa kwa nini hawakuulizi wewe?"

Cherehani ya Sindano ikasimama. Katika chumba kile kilichokuwa na watu wazima watupu, kila mmoja aliwahi kujiuliza swali hilo, lakini hakuna wa kiume aliyewahi kulitamka. Mama Sufi aliweka fimbo chini.  Akamwambia wa kuulizwa ni wajumbe, kwa kuwa yeye akienda mlango huachwa wazi kidogo tu.

Bwana Mkubwa akaenda. Katika kikao kilichofuata alisimama juu ya meza akasema mito hutengenezwa na Mama Sufi na wenzake, mipango ni ya Mama Sufi, wateja ni wa Mama Sufi, na yeye ni kuku. Alisema hivyo mara mbili, ili isije ikadhaniwa amekosea.  Mzee Funguo akatoa leso akajifuta macho. Alisema amekaa na viongozi wengi, wa kila namna, lakini unyenyekevu kama ule hajauona. Wakampigia makofi wamesimama. Kabla ya jua kuzama walikuwa wamemchagua mwenyekiti.

Jambo la kwanza mwenyekiti alilosaini kwa mguu wake lilikuwa siku ya kuwahimiza wanawake waanzishe biashara zao na kuzikuza. Ukumbi ulipambwa. Kitambaa kikatundikwa kilichoandikwa MWANAMKE, THUBUTU. Safu za mbele zilikaliwa na wale waliokuja kuhimiza, na wanawake wakapewa za nyuma, karibu na mlango, wapate kuwahi nyumbani. Bwana Stoo alisema mwanamke ni nguzo. Mzee Funguo alisema milango iko wazi, na funguo zake zikalia. Mgeni rasmi akapewa kipaza sauti. Jogoo aliwatazama wanawake wale kwa muda mrefu, kwa jicho moja, kisha kwa la pili, na ilionekana ana mengi.

"Endeleeni," akasema, akavuta pumzi ili aseme kwamba wamwulize Mama Sufi, lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshachukuliwa kwa ajili ya neno la shukrani.

Mama Sufi mwenyewe hakuwemo ndani. Alikuwa ameombwa alete mito ya wageni wa heshima kuegemea, na alipomaliza kuigawa hakukuwa na kiti. Alikaa nje kwenye ngazi, akiwa na gunia tupu magotini, na huko ndiko wanawake walikomkuta wakati wa chai. Mmoja alikuwa mwoka mikate. Mmoja aliotesha miche ya maua kwenye makopo. Mwingine alikuwa binti fundi viatu, bado mchanga, vidole vina gundi. Walitaka kujua yeye alianzaje.

Aliwaambia. Aliwaambia waanze na kile ambacho mkono unakijua hata mtu akisinzia. Mali ya kwanza wamuuzie mtu mwenye kulalamika, maana huyo akinyamaza, wamefaulu. Ndugu apewe bei ya ndugu siku ya kwanza, siku ya pili apewe bei, kwani ndugu hawaishi. Kazi ikimzidi mtu atafute mwenzake, na huyo mwenzake amlipe. Asimwite mtoto wa nyumbani akamlipa asante. Wasione haya kusema bei kwa sauti. Wakikosea, wakosee kidogo kidogo, na mapema. Sindano, aliyesimama nyuma, aliongeza kwamba mtu asishone gizani kwa kubania taa, kwa sababu macho hayana duka.

"Na chumba je?" akauliza mwoka mikate.

Mama Sufi akageuka kutazama ukumbini, ambako palikuwa panapigwa makofi. Akapunguza sauti.

"Chumba," akasema, "tafuta jogoo."

Msimu uliofuata jengo lilijaa. Mwoka mikate alikuja na jogoo mweupe asiyependa kelele. Mwenye miche alileta wake asiye na mkia, aliyependa kusema "kwa mujibu wa utaratibu." Wakaja mafundi nguo, wakaja wauza rangi, akaja mama mmoja aliyetengeneza feni mbovu, kila mmoja na mwanaume wake kwapani. Mzee Funguo aliinuka kwa kila mmoja mpaka magoti yakamuuma. Vikao vya kamati vikawa vifupi, maana majogoo waliafikiana haraka, na yasiyoafikiwa waliyamaliza nyuma ya jengo kwa mateke. Chini ya uongozi huo barabara kuu ilistawi. Taa zilitengenezwa. Mikate iliisha kabla ya saa nne. Mito ya Mama Sufi ilianza kusafirishwa kwa lori, naye akachukua chumba cha pili na cha tatu, vyote kwa mguu wa Bwana Mkubwa. Wageni walikuja kutoka miji mingine kujifunza jinsi wanaume wa jengo lile walivyofaulu kuwainua wanawake. Walipigwa picha na kamati. Wanawake waliombwa wasogee kidogo, jua liwaangukie majogoo.

Binti fundi viatu alichelewa kuja, kwa sababu hakuwa na jogoo. Mama mkwe wa Mama Sufi alikuwa amempa yai, aliatamishe, na yai halichagui. Likatoka tetea. Lakini alikuwa tetea wa aina yake. Alianza kusema angali kifaranga, tena sentensi ndefu. Alitazama mguu wa mtu akataja kiatu kinachomfaa na upande anaoulalia akitembea. Aliwaambia wateja ukweli kuhusu soli zao, wateja wakarudi na soli nyingine. Binti alimwuliza Mama Sufi afanyeje. Mama Sufi akafikiri, akasema si mbaya kujaribu, huenda safari hii watasikiliza. Akawasindikiza mwenyewe, na mwenyekiti akafuatana nao.

Mzee Funguo aliposikia mlango aliinuka nusu. Tetea akawekwa kwenye kiti. Mzee Funguo akakitazama kilemba chake kilivyo kidogo, akarudi akakaa.

"Shikamoo, mzee," akasema tetea.

"Marahaba."

Tetea akaeleza shida yao. Alisema jengo zima halina fundi viatu, na watu wanaopanda ngazi zake kutwa lazima soli zitawaishia hapo hapo. Alisema chumba kilicho chini ya ngazi ni kidogo mno kwa biashara nyingine yoyote, ndiyo sababu kimekaa kitupu, bali mwenye viatu kinamtosha. Alisema kodi ipo mkononi. Aliyasema hayo kwa utulivu, hakurudia neno. Mzee Funguo alisikiliza mpaka mwisho na akakubali kwamba yote aliyoyasema ni kweli.

"Wape chumba," akasema Bwana Mkubwa.

Mzee Funguo akatabasamu, akamwambia mwenyekiti kwamba unyenyekevu wake ndio ule ule. Kisha akamgeukia binti, akaongea naye kwa upole wa baba. Angependa sana kumsaidia. Lakini huyu ni jike. Kama ana kaka yake, hata awe mdogo namna gani, hata awe bado hajaota mkia, amlete, chumba kipo.

Mama Sufi alifungua mdomo. Alikuwa na yale maneno yake yote, tangu siku ya benchi, yenye mwanzo na mwisho, na safari hii aliyasema. Yalijaa ofisini. Mzee Funguo aliyapokea kwa adabu, huku akimtazama jogoo.

 Tetea alipanda juu ya meza, akakaa juu ya karatasi, akafumba macho kwa muda mfupi, akainuka. Mahali alipokuwa palikuwa na yai, la rangi ya udongo, bado lina joto.

Mzee Funguo alilishika, akalipima kiganjani, akasema ni zuri, akashukuru. Akalitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo, kisha akauliza nani anayefuata.